Sekunde tisa za kaka yangu

Shikamoo Mshauri.

Naomba jina langu lisitokee, maana Moshi ni ndogo na Kibosho ni ndogo zaidi.

Nina miaka 38, nina saluni upande wa Majengo. Kwa mama tumezaliwa wanne. Kaka yetu mkubwa ana nyumba yake kihambani, hatua chache kutoka kwa mama. Mimi ni wa pili, dada yuko Dar es Salaam, na kitinda mimba wetu anaendesha bodaboda Arusha. Baba alishatangulia.

Kaka ni CCM. Si CCM ya kofia na fulana za msimu, ni CCM ya tangu baba, ambaye kadi yake ya TANU bado imo kwenye bahasha kabatini kwa mama. Mimi niliingia Chadema 2017, baada ya kibanda changu cha kwanza kuvunjwa asubuhi moja, nafika kufungua nakuta mbao chini, hakuna karatasi, hakuna neno. Sijawahi kulipwa na mtu hata mia. Mdogo wetu naye ni Chadema, tena wa kelele. Zamani tulikuwa tunataniana: kaka akiniita nyumbu namwita chawa, tunacheka, mama anamimina chai. Miaka ya karibuni utani umeota miiba.

Novemba hii kaka aligombea uenyekiti wa kijiji. Kampeni zilikuwa siku saba, na siku zote saba mimi nilikuwa na hasira kwa sababu mgombea wetu tuliyemtegemea alikuwa ameshakatwa jina. Siku ya tatu kaka akatuma ujumbe wa sauti kwenye grupu letu la ndugu, wa dakika nne na kitu. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika wiki ya tatu, mama analalamika kubebewa ndoo. Katikati ya ujumbe kaka anasema: "Mimi nimezaliwa huku, nawajua hawa. Watu wa huku hawana shida ya maji." Anakohoa. Halafu anaendelea: "Maji yapo, mito tunaiona inapita. Shida yao ni sisi tunaoshika funguo ya koki."

Mshauri, mimi niliishia kwenye kikohozi.

Niliweka simu juu ya meza ya rangi za kucha, nikachukua simu ya pili ninayopokelea miamala, nikarekodi sekunde tisa. Nyuma inasikika draya, kulikuwa na mteja anakauka. Nikaitupa kwenye grupu la chama la kata na maneno matatu: "Sikieni mgombea wenu." Mteja hajatoka kwenye draya, klipu imenirudia kutoka kwa watu watatu.

Siwezi kujitetea kwamba sikujua. Nilijua kuna nusu ya pili. Ila nilijiambia, hata kama hakusema hivyo, ndivyo anavyowaza. Wote wako hivyo.

Kaka alishinda. Lakini sasa anaitwa Hamna Shida. Watoto wakimwona kwenye pikipiki wanapiga kelele "Maji!" Mama naye baada ya misa alisikia wanawake wawili wakimwita mama yake Hamna Shida, na tangu hapo anasali misa ya kwanza, ile ya giza, asikutane na watu.

Wote wanaamini aliyefanya hivyo ni mdogo wetu. Yeye anakana, na anavyokana kwa matusi ndivyo wanavyozidi kuamini. Mila yetu unaijua, nyumba ya mama ni ya kitinda mimba, na tarehe 26 Desemba kuna kikao cha ukoo. Dada ameniambia kuna wajomba wanasema mtu anayemuuza kaka yake hawezi kuachiwa nyumba ya mama yake. Amenieleza pia kwamba kaka alimwambia mama kuwa mimi na mdogo wangu "tumenunuliwa" na tunataka nchi iwake moto. Mimi! Ninayefunga saluni mapema kwa kuogopa giza.

Kila Jumamosi kaka ananitumia mkungu wa mshare kwa Hiace. Mkungu bado unakuja. Zamani alikuwa anapiga simu, "Umefika? Umeiva wapi?" Siku hizi mkungu unafika, simu haipigwi.

Niseme? Nimwambie nani? Na yeye aliyesema nimenunuliwa hana la kuniomba radhi? Rafiki yangu mmoja anasema nichume isale, lile jani letu Wachagga la kuombea msamaha, niende nalo yaishe. Mwingine anasema ninyamaze, siasa ni siasa. Usingizi sina.

Dada wa draya, Moshi

*

Mshauri anajibu

Marahaba, mdogo wangu. Pole na usingizi, na pole zaidi kwa mama anayesali gizani.

Kwanza nikurudishie ulichoniandikia, uone kama nimekusikia. Nikikosea mahali nirekebishe, kwa sababu jambo lenyewe leo ni hilohilo la kusikiana. Umemkata kaka yako maneno katikati, ukijua. Maneno yamemletea aibu ambayo ushindi haukuifuta. Lawama imemwangukia mdogo wako, na lawama hiyo inaweza kumgharimu nyumba. Wakati huohuo wewe mwenyewe umejeruhiwa: kaka amekusema kwa mama jambo ambalo si kweli. Kwa hiyo unabeba kosa na kidonda kwa mkono mmoja, na hujui utangulize kipi. Nimepatia?

Sasa kuna sentensi moja kwenye barua yako ambayo nimeipigia mstari. Si ile ya kurekodi. Ni ile ya "ndivyo anavyowaza, wote wako hivyo."

Ulijuaje?

Sikuulizi kukusuta. Nauliza kwa sababu ulikuwa na dakika nne za kaka yako mkononi, kwa sauti yake, akizungumza na watu wa tumbo moja bila kamera wala jukwaa. Mgombea wa chama tawala, katikati ya wiki ya kampeni, anawaambia wadogo zake kwamba tatizo ni wao viongozi wenye funguo ya koki. Mimi nimeishi Arusha miaka mingi na nimesikiliza wagombea wengi. Wa namna hiyo ni wachache. Wewe ukaiacha sauti hiyo, ukaweka mahali pake kaka mwingine, asiyejali, ambaye hukumsikia popote ila kichwani mwako. Huyo wa kichwani ulimpata wapi?

Nadhani, na hii ni dhana tu, ulimpata kwenye simu. Simu haituletei kada wa kawaida anayepanda Hiace na ndoo ya mbegu. Inatuletea yule mwenye mdomo mchafu kuliko wote wa upande ule, kwa sababu ndiye anayetuchoma na ndiye tunayemsambaza. Ukimsikia huyo asubuhi na jioni kwa miaka saba, kaka yako akikohoa tu unamalizia sentensi kwa sauti ya yule mwingine.

Si ugonjwa wa Kibosho, wala wa Tanzania. Mwaka 2018 wasomi wawili wa Marekani, Douglas Ahler na Gaurav Sood, walichapisha utafiti uliowauliza Wamarekani wakadirie: wafuasi wa chama cha Republican wenye kipato cha zaidi ya dola 250,000 kwa mwaka ni asilimia ngapi? Wastani wa majibu ulikuwa 38. Ukweli ulikuwa karibu 2. Kwa upande wa Democrats nako walikosea vilevile, kwa mambo mengine. Watu walichukua aina moja ya mtu, yule anayetajwa sana, wakaigeuza chama kizima. Huku kwetu tunayo majina yake tayari. Huyu wa CCM ni "buku saba," yaani kalipwa elfu saba apige kelele, yule wa upinzani ni "kibaraka wa mabeberu." Ukishampa mtu jina la namna hiyo, huna haja tena ya kumuuliza kwa nini anaamini anachoamini. Amelipwa, basi, kazi imekwisha.

Na ndicho kaka yako alichokufanyia wewe. "Wamenunuliwa." Ni kitambaa kilekile, mmekata kila mtu upande wake. Lakini nikuulize kitu: kaka anaijua habari ya kibanda? Umeniandikia mimi nisiyekujua, mbao chini, hakuna karatasi, hakuna neno, nami nimeelewa mara moja kwa nini ulichukua kadi ile. Ila katika barua yote sijaona mahali ulipomwambia yeye. Huenda ulimwambia. Kama hukumwambia, basi naye aliachiwa nafasi tupu na akaijaza kwa kilichokuwa karibu.

Ile bahasha ya kadi ya baba imenikumbusha jambo. Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuuliza wananchi kama tubaki na chama kimoja au tufungue vingi. Takriban asilimia 80 walisema kibaki kimoja. Ukisimulia hadithi hiyo haraka, unapata nchi nzima ya wazee wasiotaka mabadiliko. Lakini wengi katika hao 80 walitaka chama hichohicho kimoja kirekebishwe, walikuwa na malalamiko yao chungu nzima. Tume ikapendekeza vyama vingi, na 1992 sheria ikabadilika. Simjui baba yako. Ila mtu aliyetunza kadi kwenye bahasha si lazima awe mtu aliyeridhika, na mwana aliyerithi heshima hiyo anaweza kuwa anapigana ndani kwa namna ambayo wewe, uliye nje, huioni.

Nikuchekeshe kidogo, maana barua hii imekuwa nzito. Mtaani kwetu kulikuwa na majirani wawili, ukuta kwa ukuta. Mmoja wa upinzani, kwa miaka alimwita Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, kila jina baya unalolijua. Mwingine wa kijani, yaani CCM, alimtetea mpaka sauti ikakauka. Julai 2015 Lowassa akahama CCM akaenda Chadema kugombea urais. Wiki haikuisha: yule wa kwanza anacheza barabarani amebeba picha yake, na yule wa pili yuko mlangoni anayarusha yale majina yaleyale, neno kwa neno, kama waliyaazimana juu ya ukuta. Machi 2019 mzee akarudi CCM, nao wakarudishiana. Sisemi nani alikuwa sahihi juu ya Lowassa, amepumzika sasa. Nilichokiona mimi ni kwamba katika safari zote mbili hakuna jirani aliyewahi kumuuliza mwenzake, "Hivi wewe unamwonea nini hasa?" Na walikuwa wanachota maji bomba moja.

Turudi kwako. Njia ziko kadhaa na hakuna isiyo na mwiba.

Kunyamaza, alivyosema rafiki yako. Siasa ni siasa, lakini nyumba ya mama si siasa. Kama ungekuwa unaumia peke yako ningekuambia chukua muda wako. Hapa kuna mtu wa tatu, kijana wa Arusha anayetukana kwa sababu hana njia nyingine ya kukana. Jiulize ungependa kukaa wapi siku ya 26, kwenye kiti gani, wakati mjomba anaanza kusema. Huenda ukajibu kwamba utaweza kuvumilia. Wako wanaoweza.

Kusema mbele ya kikao. Lina uzuri wake, mdogo wako anasafishwa palepale alipochafuliwa. Lakini kikao cha Desemba unakijua: kuna mbege, kuna wakwe, kuna watoto wanaorekodi kwa simu kama ulivyorekodi wewe. Kaka atasikia jambo zito kuliko yote ya mwaka wake huku watu arobaini wakimtazama usoni, na itabidi achague sura ya kuwaonyesha kabla hajajua anajisikiaje. Mama naye hujaniambia kama ana presha.

Kutuma ujumbe mzima kwenye grupu lile la kata, ili ukweli uonekane. Najua kishawishi hiki kitakujia, kinafanana na haki. Ila usikilize tena kwanza kwa masikio ya chama chake. Nusu uliyoificha ndiyo inayomsafisha kwa wanakijiji, na ndiyohiyo inayoweza kumtia matatani kwa wenzake wa kijani: mwenyekiti mpya anasema sisi ndio tatizo. Aliisema kwa ndugu zake. Ukiitoa bila ruhusa yake utakuwa umeichukua sauti yake mara ya pili, safari hii kwa nia njema. Sidhani kuna njia ya kuamua hili bila yeye. Na kama utaandika chochote, mahali popote, kumbuka Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa kusambaza taarifa za kupotosha. Mimi si mwanasheria. Ninachosema ni kwamba maungamo kwenye grupu la watu mia mbili si sawa na maungamo jikoni.

Halafu isale. Hapa niseme polepole, maana si mila yangu ya kuzaliwa, nimeolewa nayo. Ukimpelekea mtu jani la isale, unamwomba msamaha kwa namna ambayo kukataa ni aibu kubwa. Ndiyo nguvu yake, na ndiyo hofu yangu. Linamfunga anayeletewa. Kaka yako hajakasirika bado, kwa sababu hajui amkasirikie nani. Ukifika mlangoni na jani mkononi, unamtaka asamehe kabla hajapewa hata jioni moja ya kukasirika. Wazee wengine watasema nimekosea, kwamba jani ndilo linalofungua mazungumzo. Muulize shangazi yako, kama yuko, atakujua vizuri kuliko mimi.

Inabaki kumwona yeye peke yake, kabla ya kikao. Hata hii si rahisi. Anaweza kukufukuza. Anaweza kukusamehe mdomoni na mkungu ukakoma. Anaweza kukuomba umwambie mama wewe mwenyewe, na hilo litakuwa gumu kuliko yote. Ukienda, nakuomba jambo moja tu kuhusu namna, si kuhusu uamuzi: usiende na mizani. "Mimi nilirekodi, na wewe ulisema nimenunuliwa" ni biashara, na kila mmoja atarudi nyumbani akiona amepunjwa. Kidonda chako ni cha kweli na kina siku yake. Si lazima iwe siku ileile.

Na kabla hujaamua lolote, fanya hili ukiwa saluni, mteja wa mwisho ameondoka. Fungua ujumbe ule, usikilize dakika zote nne bila kusimamisha. Chukua daftari unaloandikia madeni, andika kwa maneno yako kaka anaamini nini kuhusu maji, kuhusu chama chake, kuhusu watu wa kule. Andika kwa namna ambayo yeye akisoma atasema, "Naam, ndivyo." Usiongeze "lakini." Ukishindwa, na inawezekana ukashindwa mara ya kwanza, utakuwa na swali la kweli la kumpelekea, na swali ni mzigo mwepesi kuubeba mpaka Kibosho kuliko maungamo. Siku moja yeye naye anaweza kujaribu kusema yako, akaanzia kwenye kibanda.

Jambo la mwisho, na limenikaa tangu nisome barua mara ya kwanza. Umesema kwenye klipu inasikika draya. Mdogo wako anaendesha bodaboda. Wajomba hawajui draya inaliaje, lakini kaka yako, je? Amewahi kukaa hapo saluni akikusubiri ufunge? Barua yako inasema "wote wanaamini" ni mdogo wenu, ila ukitafuta, hakuna mstari unaosema kaka amelitamka jina lake. Unasema tu kwamba mkungu unakuja na simu haipigwi.

Sijui. Labda nami namalizia sentensi ya mtu nisiyemjua. Lakini Jumamosi ukishuka stendi kuupokea mkungu, unaweza kuwa wewe ndiye unayepiga, umwambie umefika, na umeiva wapi.